Kijana anataka jina la Alberto Mkuu kwenye kipaimara, shosho anasema huyo alikuwa mchawi

Mama wa Umoja

Wapendwa, nisaidieni kabla Jumapili haijafika. Kijana wangu wa pili yuko Gredi ya Nane na mwezi ujao anapokea kipaimara. Katekista amewaambia kila mmoja achague mtakatifu, na awe tayari kusimama mbele ya wenzake amweleze: aliishi lini, alifanya nini, na kwa nini yeye na si mwingine. Wenzake wameshagawana kina Petro, Fransisko na Mikaeli. Wangu amekuja na Alberto Mkuu. Nikimuuliza sababu ananiambia ndiye msimamizi wa wanasayansi. Huyu ni mtoto wa kufungua vitu. Ameshanifungulia redio mbili na pasi moja. Redio ziliimba tena. Pasi mpaka leo iko ndani ya karatasi ya nailoni chini ya kitanda, vipande vipande.

Mimi sikuwa na neno. Mwenye neno ni shosho yao, mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Dada mmoja wa jumuiya alimtumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kwamba huyo Alberto alikuwa mchawi wa Ulaya, alikuwa na kichwa cha shaba kinachojibu maswali, na kuna kitabu chake cha dawa za mapenzi kinauzwa hadi leo. Shosho ameapa jina hilo halitaingia nyumba ambamo yeye anasali rozari. Na shosho akishaongea, hata baba watoto huzima televisheni.

Nimetafuta mtandaoni nikapata habari fupi fupi, zote ndugu: alizaliwa, akasoma, akafundisha, akafa. Hakuna hata moja ninayoweza kumwekea mama mezani pamoja na chai. Kuna anayemjua mtu huyu kikweli? Alikuwa mchawi? Kama hakuwa, hicho kichwa cha shaba kimetoka wapi?

Wa Kwaya, Jogoo Road

Mama, kwa upande wa Kanisa lala usingizi. Sikukuu yake ni tarehe 15 Novemba, siku aliyokufa huko Cologne mwaka 1280. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa kwa mkupuo mmoja tarehe 16 Desemba 1931, na mwaka 1941 Pius XII akamkabidhi wanaosoma sayansi za asili. Kwa hiyo kijana wako hajakosea.

Ni kweli alingoja sana kwenye foleni. Mwanafunzi wake Thomas wa Akwino alitangazwa mwaka 1323, yeye mwalimu akaja kufika zaidi ya miaka 600 baadaye. Hayo ya kichwa cha shaba namwachia Fundi wa Maabara, najua yumo humu na hawezi kunyamaza.

Fundi wa Maabara (mstaafu)

Siwezi, kweli.

Mama wa Umoja, kwanza nisalimie shosho kwa heshima zake. Nimetunza maabara za shule za sekondari miaka 31, nyingi zikiwa hapa Eastlands, na picha ya Alberto ilikuwa nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la asidi. Usidhani ni uchaji mwingi. Niliibandika kwa sababu ya mbuni.

Iko hivi. Enzi zake, karne ya 13, kila msomi wa Ulaya alijua kwamba mbuni hula chuma na tumbo lake hukiyeyusha. Ilikuwa imeandikwa. Vitabu vilinakiliana habari hiyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeona haja ya kumpelekea mbuni msumari. Alberto akampelekea. Anaandika kwamba aliwatupia vyuma mbuni kadhaa wakavikataa, lakini mifupa mikubwa iliyokatwakatwa waliila kwa pupa, na changarawe pia. Amemaliza, anakwenda kwa ndege mwingine. Sentensi mbili tatu tu, ndani ya kitabu chake cha wanyama, De animalibus, chenye sehemu 26. Sehemu 19 za kwanza anamfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hatua kwa hatua, 7 za mwisho ni zake mwenyewe.

Kulikuwa pia na bata bukini wa bahari ya kaskazini ambao watu walisema hawatagi, eti wanazaliwa na magogo yanayooza majini. Na kwa kuwa hawakuzaliwa na nyama, kuna waliowala wakati wa Kwaresima wakijiona hawana dhambi. (Shosho hapo atacheka, tunawajua watu wa namna hiyo.) Alberto akasema huo ni upuuzi: yeye na wenzake waliwaona kwa macho wakipandana, wakitaga, wakilea vifaranga.

Niliwahi kuiga hiyo darasani. Wanafunzi wa kidato cha pili walinishikilia kwamba kinyonga hugeuka rangi yoyote unayomweka juu yake. Mmoja akaleta kinyonga wa kwenye ua la kayaba. Tukamweka juu ya sweta nyekundu ya shule. Dakika 20. Akawa kijani, akawa kijani cheusi kwa hasira, nyekundu ng'o. Msichana mmoja akaniambia, "Lakini mwalimu, kitabuni imeandikwa." Nikamfungulia kabati nikamwonyesha picha. Ndiyo siku ambayo wale watoto walianza kuniuliza huyu mzee wa joho ni nani.

Sasa maisha yake, maana kijana ataulizwa. Alizaliwa karibu mwaka 1200 Lauingen, mji ulio kando ya Mto Danube kusini mwa Ujerumani, katika ukoo uliojua mambo ya uwindaji; habari zake za vipanga wa kuwindia ni za mtu aliyewashika mkononi. Akaenda kusoma Padua, Italia. Huko Jordan wa Saxony, aliyeongoza Wadominikani baada ya Dominiko mwenyewe, akamvuta akaingia shirika. Miaka ya 1240 yuko Paris, na mwaka 1245 akawa mwalimu kamili wa teolojia. Ndipo akampata Thomas, kijana mnene, mkimya, ambaye wenzake walimwita ng'ombe bubu. Inasimuliwa kwamba Alberto aliwaambia: huyu ng'ombe, siku akilia, sauti yake itasikika dunia nzima. Mwaka 1248 wakaenda wote Cologne kuanzisha nyumba ya masomo, mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa kuu la mji lilipowekwa.

Hapo katikati ndipo watu hupita haraka na mimi ndipo ninapopenda kukaa. Mwaka 1254 alichaguliwa kuwa mkuu wa Wadominikani wa nchi za Wajerumani. Sheria ya shirika ilikuwa wasipande farasi, basi akazunguka nyumba zote kwa miguu. Mwaka 1260 Papa akamfanya askofu wa Regensburg, jimbo lenye madeni hadi shingoni, na askofu huyo naye akaendelea kutembea na viatu vyake vizito vya njiani, hata watu wakamtania kwa jina la buti. Mwaka 1262 akawa ameachia kiti hicho. Katika safari zake alifika hadi kwenye machimbo ya madini kwa ajili ya kujua tu metali zinapatikanaje, na vitabu vyake vimejaa maneno ya wavuvi na wawindaji. Mtu wa hadhi yake, mwalimu wa Paris, anasimama kumuuliza mvuvi. Sisi huku tuna watu wenye digrii moja ambao hawawezi kumuuliza fundi wa jua kali bei ya sufuria bila kumfokea.

Na kuna kisima. Hiki ndicho hunitoa usingizini. Anasema alipokuwa Padua, kisima kimoja kilichofungwa muda mrefu kilifunguliwa. Mtu akateremka kukisafisha, akafa humo. Wa pili akamfuata, akafa. Wa tatu akainama tu ukingoni kuangalia kwa nini wenzake wanakawia, nguvu zikamwishia. Watu wa enzi hizo, na wa enzi hizi, wangesema mna jini. Alberto akasema ni mvuke mbaya uliokuwa umefungiwa humo. Hakuwa na jina la kabonidioksidi, lakini mkono wake ulikuwa umeshagusa mahali penyewe: ni hewa, ni nzito, imelala chini inangoja.

Mama, mimi nimezika jirani kwa njia hiyohiyo, hapa Nairobi, kwenye tangi la maji taka la ploti moja ambayo sitaitaja. Aliingia kijana wa kwanza, ndugu yake akamfuata kumwokoa. Na bado nawaona watu wanateremsha mshumaa, ukiwaka wanasema pako sawa. Mshumaa si kipimo. Ile gesi inayonuka yai bovu inaweza kukuua mshumaa ukiwa unawaka, na ikizidi pua yenyewe huacha kuisikia. Na kuna gesi nyingine humo ambayo mshumaa huo ndio utakaoilipua. Kijana wako akisimama mbele ya katekista akasimulia kisima cha Padua peke yake, atakuwa amefanya kazi.

Tuje kwa kichwa cha shaba. Hadithi hiyo ilizuka Alberto akiwa ameshakufa. Inasema alitengeneza sanamu inayosema, na Thomas kwa hofu, au kwa kuchoshwa na kelele zake, akaivunja kwa fimbo. Mwambie shosho hadithi ya kichwa kama hicho imesimuliwa pia juu ya Roger Bacon, mtawa Mfransisko wa Uingereza, na juu ya Robert Grosseteste, askofu. Na juu ya Papa! Silvester II, aliyependa hesabu na nyota, akafa mwaka 1003. Mtu yeyote aliyejua mengi alipewa kichwa chake. Watu hawakuamini kwamba mtu anaweza kujua hayo yote kwa kuangalia, kuuliza na kuandika, wakamtafutia msaidizi.

Na kitabu cha dawa za mapenzi hakukiandika. Kimepachikwa jina lake na watu wengine kwa sababu jina lake liliuza. Shosho anapajua Gikomba, anajua shati la kushonwa juzi linavyopata lebo ya Italia.

Tena uhasama ulianzia ndani ya nyumba. Mwaka 1210 baraza la maaskofu pale Paris lilikuwa limekataza kufundisha vitabu vya Aristotle vya mambo ya asili, na Wadominikani wenyewe katiba yao ya awali iliwakataza kuzama katika vitabu vya wapagani. Alberto akachukua vitabu hivyohivyo akaamua kuvieleza vyote, mwanzo hadi mwisho, ili wasomi wa Kilatini wavielewe. Kuna ndugu waliomsema. Aliwajibu kwa kalamu kwamba wao ni kama wanyama wanaotukana wasichokijua. Hakuwa mpole siku zote, mtakatifu wetu.

Mwanafunzi wa Chiromo

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umemvalisha nguo za Pasaka. Mtu huyohuyo wa mbuni aliandika kwamba vito vina nguvu zake, na akasema yeye mwenyewe aliona yakuti samawi ikiondoa majipu mawili. Aliamini nyota zinasukuma mambo ya hapa chini. Kama huo si uganga, umekaribia mlango wake.

Na kuna mazito kuliko hayo. Mei 1248, kabla hajaondoka Paris kwenda Cologne kuanzisha hiyo nyumba ya masomo, jina lake limo kati ya walimu waliotia mkono hukumu dhidi ya Talmudi, kitabu cha Wayahudi, ambacho nakala zake zilikuwa zimeshachomwa pale Paris miaka michache nyuma. Huyu ni mtu aliyemsoma mwanafalsafa Myahudi Musa bin Maimuni na kumtumia katika vitabu vyake, na kina Ibn Sina, Waislamu, vilevile. Mwaka 1263 Papa akamtuma kuhubiri vita vya msalaba katika nchi za Wajerumani na akaenda. Kijana aambiwe na haya, asije akayasikia kwa mtu mwingine akadhani alidanganywa.

Fundi wa Maabara (mstaafu)

Mwanangu, yote uliyosema ni kweli. Yakuti inanichekesha, Talmudi inaniuma. Sina dawa yake na sitaitafuta.

Nitaongeza kitu kimoja tu, na si kwa kumtetea. Alipokuwa akimweleza Aristotle, ambaye ndiye alimpenda kuliko wanafalsafa wote, aliandika kwamba anayemwamini Aristotle kuwa ni mungu basi aamini hakukosea kamwe, lakini kama alikuwa mtu, alikosea kama sisi. Nadhani ukimfanyia Alberto hesabu hiyohiyo hatalalamika. Ile ya yakuti aliiona mara mbili, akaridhika. Mbuni aliwajaribu kadhaa. Ningekuwa naye maabara ningemwambia, mzee, ongeza majipu.

Mama wa Umoja, nilisahau jambo ambalo shosho atalishika kuliko kisima. Thomas alikufa mwaka 1274, njiani akienda kwenye Mtaguso wa Lyon, mkutano mkuu wa maaskofu, na mwalimu wake alikuwa bado hai, mzee wa miaka sabini na zaidi. Ndugu zake walisimulia kwamba tangu hapo, jina la Thomas likitajwa, Alberto alikuwa akilia, hata wakafikiri ni uzee umemlegeza. Aliishi miaka sita mingine. Januari 1279 akaandika wosia wake, mwaka uliofuata akafa. Yuko Cologne, chini ya kanisa la Mtakatifu Andrea, ndani ya jeneza la mawe la Warumi wa kale.

Wa Kwaya, Jogoo Road

Kwa wasioelewa mahali: si kanisa kuu lile la minara miwili. Ni la jirani, mwendo mfupi kwa miguu. Mwendo ambao Alberto naye angeupenda.

Mama wa Umoja

Nimerudi, samahani, stima ilipotea tangu juzi usiku.

Nilimsomea mama yote, na ya mwanafunzi wa Chiromo pia, sikuruka. Tulikuwa tunachambua sukuma. Mlikuwa hamjui, na mimi nilikuwa nimesahau, kwamba mama alikulia upande wa Kajiado akichunga mbuzi, na mbuni walikuwa wakipita hapo kama kuku wa jirani. Nilipofika kwenye chuma akaweka kisu chini. Akasema, "Mbuni hudonoa kitu kinachong'aa. Akiona hakifai anakitema. Mawe ndiyo anameza, ya kusagia tumboni. Huyo mzungu angeniuliza mimi." Nikamwambia ndivyo alivyokuwa akifanya, alikuwa akiwauliza wawindaji na wavuvi. Akanyamaza.

Kwa bata wa Kwaresima alicheka hadi akafuta macho kwa leso, na akataja jina la mtu wa jumuiya ambalo siliandiki hapa. Kwa Thomas na machozi hakusema kitu. Alizika mtoto wake mkubwa, kaka ya mume wangu, mwaka 2009. Nilingoja kidogo kabla ya kuendelea kusoma.

Habari ya vitabu vya Wayahudi ilimkasirisha. Akauliza, alikiri? Nikasema sijui, mama. Akasema basi wamwombee na yeye.

Ya yule dada wa ujumbe wa sauti, amesema atamwona Alhamisi kwenye jumuiya. Sijui atamwambia nini, namhurumia.

Uamuzi wenyewe ni huu: kijana ataandikwa Alberto, lakini kwanza pasi irudi iwake. Ameipewa hadi Jumamosi. Hivi sasa yuko sakafuni na bisibisi ya baba yake, nyaya zote nje, na shosho ameketi kwenye kiti juu yake kama msimamizi wa mtihani. Nimeitoa plagi ukutani na kuiweka mfukoni mwangu, Fundi, usiwe na wasiwasi.

Ila mama amenituma niulize. Yule wa tatu, aliyeinama kwenye kisima. Alipona?

Fundi wa Maabara (mstaafu)

Mwambie alipona. Lakini kwa shida, ilimchukua kama siku mbili. Na ule mvuke ulipokwisha kutoka, maji ya kisima yakawa mazuri, watu wakayanywa.